Mtumwa na maskini huru katika miji ya Kirumi: mpaka wao ulipita wapi

Msomaji ameniuliza hivi: “Kila nisomapo Waraka wa Paulo kwa Filemoni na habari za yule mtumwa Onesimo, hujiuliza mtumwa wa mji wa Kirumi aliishije siku hadi siku. Alilala wapi, alikula nini, alifanya kazi gani? Je, alifungwa minyororo? Na maskini aliyekuwa huru, aliyeishi mtaa huohuo, alimzidi nini?”

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine yote. Lau ungesimama kwenye njia panda ya Pompeii, mji wa kusini mwa Italia, asubuhi moja ya mwaka 70 BK, usingeweza kumtenga mtumwa na maskini huru kwa kuwatazama tu. Wote wawili wangekuwa na vazi fupi la sufu, wote wangekuwa na mzigo begani, na wote wangesema Kilatini cha mtaani kilichochanganyika na Kigiriki. Rangi ya ngozi nayo isingekusaidia, kwa sababu watumwa walitoka Siria, Thrakia, Gallia, nchi za Wajerumani na Afrika Kaskazini, na wengi walikuwa wazalia, yaani watoto waliozaliwa na wajakazi ndani ya nyumba za mabwana zao. Seneca, aliyekuwa mwalimu kisha mshauri wa Kaisari Nero, anasimulia kwamba iliwahi kutolewa hoja katika Seneti kwamba watumwa wavalishwe vazi la kuwatambulisha, lakini wajumbe wakaiacha walipong’amua hatari ya watumwa kuanza kujihesabu. Mpaka kati ya makundi hayo mawili haukupita kwenye nguo, na mara nyingi haukupita hata kwenye kazi. Ulipita kwenye sheria: mwili huu ni wa nani, mtoto huyu ni wa nani, na maiti hii ni ya nani.

Tuanze na malazi. Mwezi Novemba 2021, mahali paitwapo Civita Giuliana, kama mita 700 kaskazini-magharibi ya kuta za Pompeii, wanaakiolojia walitangaza kwamba wamekipata chumba kilichofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 BK. Mbao na kamba zilikuwa zimeoza zamani, lakini ziliacha uwazi katika majivu yaliyogandamana, na wataalamu walipoujaza uwazi huo kwa plasta waliona umbo la kila kitu kama kilivyokuwa siku ya msiba. Chumba kina ukubwa wa mita 16 za mraba. Ndani yake kuna vitanda vitatu vya kamba, vya aina ambayo msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa: fremu ya mbao zisizolainishwa na wavu wa kamba uliofungwa juu yake. Viwili vina urefu wa mita 1.7 hivi, na cha tatu mita 1.4 tu, kwa hiyo huenda kilikuwa cha mtoto. Chini ya vitanda mna vyombo vyao vichache, pamoja na vyungu vya haja. Pembeni limewekwa sanduku la mbao lenye vifaa vya chuma na vya nguo, ambavyo yaonekana ni vya kufungia farasi, na juu ya kitanda kimojawapo umelazwa mti wa kukokotea gari. Kwenye kona mmepangwa mitungi mikubwa, na mwanga uliingia kwa kidirisha kidogo kilicho juu ukutani. Chumba kingine cha jirani, kilichochimbuliwa baadaye, kilikuwa na mabaki ya panya ndani ya vyombo, kimojawapo kikiwa chini ya kitanda.

Nimekaa muda mrefu na picha za chumba hicho, na kinachonigusa zaidi ni ule mti wa gari. Mtu aliyechoka mchana kutwa alikuta kitanda chake kimegeuzwa mahali pa kuwekea vyombo vya kazi, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa ghala, na yeye alihifadhiwa humo pamoja na mitungi na hatamu.

Hilo lilikuwa shamba la tajiri nje ya mji. Ndani ya mji hali ilitofautiana kidogo, kwani nyumba nyingi za Pompeii hazina chumba unachoweza kukinyoshea kidole na kusema hiki kilikuwa cha watumwa. Walilala jikoni, chini ya ngazi, darini, au juu ya mkeka kwenye kizingiti cha mlango wa bwana ili aitapo usiku wasikie. Jiko lenyewe lilikuwa chumba kidogo chenye moshi, na mara nyingi choo kilikuwa humohumo, hatua mbili kutoka mekoni.

Kazi zao zilikuwa nyingi kupita tunavyodhani. Maandishi ya makaburi ya watumishi wa Livia, mke wa Kaisari Augusto, yanataja kazi zaidi ya hamsini, wakiwamo wasusi, wakunga, waganga, makarani, watunza nguo na mafundi wa dhahabu. Mtumwa wa nyumba ya namna hiyo aliweza kuvaa na kula vizuri kuliko mpagazi huru wa bandarini. Lakini usimpime mtumwa wa Kirumi kwa hao peke yao. Desemba 2023 yalitangazwa mabaki ya bekari iliyochimbuliwa Pompeii, katika mtaa ambao wataalamu huuita Eneo la IX. Sehemu ya kusagia ilikuwa ya kubana sana. Madirisha yake madogo yalitiwa nondo za chuma, na mlango ulitokea ndani ya nyumba ya mwenye mali, si barabarani. Sakafuni zilichongwa alama nusu duara kuzunguka mawe ya kusagia, ili kwato za punda zisiteleze na hatua zao zilingane katika mzunguko mmoja. Walioelekeza punda hao, wakimwaga ngano na kukusanya unga humohumo gizani, walikuwa watumwa. Apuleius, mwandishi aliyezaliwa Madauros katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika katika karne ya pili juu ya watu wa mahali kama hapo: migongo yenye michirizi ya mijeledi, mapaji ya nyuso yaliyotiwa chapa za herufi, vichwa vilivyonyolewa nusu, pingu miguuni, na kope zilizoungua kwa moshi na joto. Simulizi yake ni ya kubuni, lakini kuta na nondo za Pompeii zinasimama upande wake.

Kutoka mji wa jirani wa Herculaneum, uliofukiwa katika msiba uleule, umepatikana mkate mzima uliogeuka mkaa. Ni wa mviringo, umekatwa alama za vipande vinane juu yake, na una mhuri uliogandamizwa kabla haujaingia tanurini. Mhuri huo unasema kwamba mkate ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Katika maneno hayo machache kazi ina jina la aliyeifanya, na aliyeifanya ana jina la mwenye kumiliki.

Umeuliza habari za minyororo. Ilikuwepo, hasa katika mashamba makubwa, katika mawe ya kusagia na kwa baadhi ya mabawabu, lakini mtumwa wa kawaida wa mjini alitembea bila pingu, akatumwa sokoni na kurudi. Kilichomzuia ni kwamba mtoro hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa kumficha lilikuwa kosa na kumkamata kulilipwa. Huko Roma imehifadhiwa pete ya chuma ya shingoni, ya karne ya nne au ya tano, yenye kibao kinachosema kwa sauti ya aliyeivaa: nimetoroka, nikamate, ukinirudisha kwa bwana wangu Zoninus utapata sarafu ya dhahabu. Pete za namna hiyo zimepatikana kadiri ya arobaini na kitu. Ukiisoma tena barua ya Paulo kwa Filemoni, bwana wa Onesimo, baada ya kuijua pete hii, utaona uzito wa ahadi yake ya kulipa deni lolote analodaiwa Onesimo, maana kurudi kwa bwana ilikuwa hatari ambayo kila mtumwa aliijua.

Kuhusu chakula, tunao ushahidi ambao ni wa thamani kwa sababu aliyeuandika hakukusudia tuusome. Kwenye ukuta mmoja wa Pompeii mtu alikwaruza matumizi ya nyumba yake ya siku kama nane mfululizo, kwa hesabu ya asi, sarafu ndogo ambayo 16 kati yake ziliingia katika dinari moja, ile dinari waliyolipwa vibarua wa shamba la mizabibu katika mfano wa Injili. Siku ya kwanza alinunua jibini kwa asi 1, mkate 8, mafuta 3, divai 3. Kesho yake mkate ulikuwa tena 8, mafuta 5, vitunguu 5, na humo ndani kuna mstari mfupi: mkate wa mtumwa, 2. Siku nyingine mstari huo unarudi kwa asi 4, kisha 2 tena. Baadaye wanaonekana soseji, tende, liki, ndoo ya asi 9 na samaki wadogo wa asi 2, lakini kwa mtumwa hutajwa mkate tu. Pengine alipata na mabaki ya mezani. Mwenye nyumba mwenyewe hakuwa tajiri, kwani tajiri hahesabu kitunguu, na hili ni jambo la kukumbuka: hata watu wa hali ya chini waliweza kummiliki mtu.

Neno aliloliandika kwa mtumwa ni puer, ambalo katika Kilatini ni mtoto wa kiume. Warumi walimwita mtumwa hivyo hata akiwa na mvi. Wazee wetu walioitwa “boi” katika nyumba za wakoloni, hali nyumbani kwao wana wajukuu, wangelielewa neno hilo bila kamusi.

Maskini huru alikula chakula kilekile kwa sehemu kubwa: mkate, uji wa nafaka, dengu, maharagwe, zeituni, na divai iliyochanganywa na maji. Chini ya majengo ya wapangaji huko Herculaneum kuna mtaro wa maji machafu wenye urefu wa mita 86, na taka zilizochotwa humo, yaani mifupa ya samaki, maganda ya mayai, mbegu za tini na kokwa za zeituni, zimetuonyesha kwamba wenye maduka na mafundi wa mji ule wa pwani hawakula vibaya kama tulivyodhani. Wengi hawakuwa na jiko, hivyo walinunua chakula kilichopikwa katika vibanda vya barabarani, vyenye meza za mawe zilizojengewa mitungi ndani yake. Mwenye kilabu mmoja Pompeii, jina lake Hedone, alitangaza bei ukutani: kwa asi 1 utakunywa, kwa 2 utakunywa kilicho bora, kwa 4 utakunywa divai ya Falernum. Maji yalikuwa ya bure, yalitoka kwenye visima vya mabomba vya barabarani vilivyokaribia arobaini, na hadi leo ukingo wa mawe wa visima hivyo umelika pale wachota maji walipoegemeza mkono mmoja ili wainame na kukinga chombo kwa mkono mwingine. Aliyekiegemea alikuwa mjakazi au mke wa fundi viatu? Jiwe halikuwabagua.

Makazi ya maskini huru yalikuwa ya kupanga. Tangazo moja la Pompeii, lililopakwa rangi ukutani, linanadi sehemu za jengo la Gnaeus Alleius Nigidius Maius kuanzia tarehe 1 Julai: maduka yenye vyumba vya dari, vyumba vizuri vya ghorofani, na nyumba nzima. Vyumba vya dari ndivyo vilivyokuwa fungu la maskini. Mchana fundi aliuza na kutengeneza vitu chini, usiku familia nzima ilipanda ngazi ya mbao kulala juu ya bidhaa zake. Jambo la kuzingatia katika tangazo hilo ni mstari wa mwisho, unaomtaka mpangaji amwone Primus, mtumwa wa Maius. Mtu huru aliyetafuta pa kulala alilazimika kwenda kwa mtumwa, akabembeleza na kuafikiana naye. Ndiyo maana nakusihi usifikirie jamii hiyo kama ngazi ambayo mtumwa daima yuko chini ya kila mtu huru. Katika mambo ya kila siku, mtumwa wa mkubwa alikuwa mkubwa.

Roma yenyewe ilikuwa mbaya zaidi kwa mpangaji. Majengo ya ghorofa yalirefushwa mno mpaka Augusto akaweka kikomo cha futi 70 za Kirumi, karibu mita 20, na kadiri ulivyopanda ndivyo kodi ilivyopungua, kwa sababu aliyeishi juu ndiye aliyekuwa mbali zaidi na maji na wa mwisho kusikia kwamba moto umewaka. Hata hivyo, maskini wa Roma alikuwa na kitu ambacho mtumwa hakukipata. Raia walioandikishwa, ambao wakati wa Augusto walifikia kama 200,000, walipewa ngano ya bure kila mwezi, kipimo cha modii 5, yaani zaidi ya kilo 30. Wapo mabwana waliowaacha huru watumwa wao kusudi walishwe na dola.

Sasa tufike kwenye sheria, ambako tofauti inauma. Mtumwa alikuwa mali, na kwa hiyo aliwekwa rehani kama mali. Vibao vya mbao vilivyopakwa nta, vilivyopatikana Pompeii, vimehifadhi mapatano ya mwaka 61 BK kuhusu watumwa wawili vijana, Simplex na Petrinus, walioahidiwa kwa ajili ya fedha. Hati inawataja kwa majina, kisha inaongeza, au kwa majina mengine yoyote waliyo nayo, ili jina lisije likaharibu mapatano. Aliyewatoa ni mwanamke aitwaye Poppaea Note, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtumwa zamani. Mahakamani ushahidi wa mtumwa ulichukuliwa kwa mateso. Na huko Puteoli, bandari ileile ambayo Paulo alishukia alipokuwa akipelekwa Roma, limepatikana bamba la mawe lenye masharti ya mkandarasi wa mazishi wa mji, na miongoni mwa masharti hayo imo bei: bwana atakaye mtumwa wake apigwe na kusulubiwa atalipa sesterti 4 kwa kila mpagazi, kwa kila mpiga mijeledi na kwa mnyongaji. Sesterti 4 ni dinari moja, ujira uleule wa siku.

Watu huru wa hali ya chini hawakuwa vipofu kwa hayo. Mwaka 61 BK mkuu wa mji wa Roma, Pedanius Secundus, aliuawa na mmoja wa watumwa wake. Desturi ya kale ilitaka watumwa wote waliokuwa chini ya dari moja wafe, nao walikuwa 400, wanawake na watoto wakiwamo. Raia wa kawaida walikusanyika kuwatetea, wakashika mawe na mienge, lakini Seneti iliposhikilia adhabu hiyo, Nero alipanga askari kandokando ya njia yote waliyopitishwa wakienda kuuawa. Naamini umati ule haukusukumwa na huruma peke yake. Wengi wao walikuwa wameachwa huru, au walikuwa watoto wa walioachwa huru, na pengine katika wale 400 walikuwamo mama zao na ndugu zao.

Kwa kuwa mtoto alifuata hali ya mama yake wakati wa kuzaliwa, hata kama baba ndiye bwana mwenyewe, tofauti na sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani yetu, ambayo mtoto wa suria na bwana wake alizaliwa mwungwana, siku moja iliweza kuamua maisha yote. Vibao vya Herculaneum vimetuachia kesi ya msichana aitwaye Iusta, ya miaka ya 75 na 76 BK. Mama yake, Vitalis, alikuwa mjakazi wa Petronius Stephanus na mkewe Calatoria Themis, kisha akaachwa huru. Iusta alilelewa na wenye nyumba kama binti yao. Mama alipotaka kuondoka naye ulizuka ugomvi, akamkomboa mwanawe kwa kulipa gharama za malezi. Baada ya Vitalis na Stephanus kufariki, mjane alidai kwamba Iusta alizaliwa kabla mama yake hajaachwa huru, kwa hiyo ni mtumwa wake, na mali aliyorithi ni yake pia. Hapakuwa na cheti cha kuonyesha. Majirani waliapa upande huu na upande ule, na Telesforus, mtumwa wa zamani wa nyumba hiyohiyo, akasimama kuapa kwamba anajua msichana amezaliwa huru. Vibao havina hukumu. Mlima uliufukia mji miaka michache baadaye.

Kuachwa huru kulikuwa jambo la kawaida mijini kuliko katika jamii nyingi za watumwa, na aliyeachwa huru na raia kwa utaratibu kamili alikuwa raia, akachukua jina la ukoo la bwana wake. Lakini kodi ya sehemu ya ishirini ya thamani yake ilitozwa, sheria ya mwaka 4 BK ikataka kwa kawaida mtumwa awe ametimiza miaka 30, na baada ya hapo aliendelea kudaiwa na bwana wake utii na siku za kazi. Wengine walijinunua kwa akiba waliyoruhusiwa kuiweka, ambayo kisheria ilikuwa ya bwana. Wagonjwa na wazee waliachwa kwa namna nyingine: walitupwa kwenye kisiwa cha Asklepio, mungu wa uponyaji, katika mto Tiber, mpaka Kaisari Klaudio alipoamuru kwamba atakayepona huko awe huru.

Nimalizie na maiti, kwa kuwa hapo watumwa na maskini huru walikutana kwa hiari yao. Mjini Lanuvium, kusini ya Roma, limepatikana jiwe lililochorwa masharti ya chama cha kufa na kuzikana kilichoanza kazi mwaka 133 BK. Kiingilio kilikuwa sesterti 100 na mtungi wa divai nzuri, na mchango wa mwezi asi 5. Mwanachama akifa, chama kilitoa sesterti 300 za mazishi, na baadhi ya fedha hizo ziligawiwa waliosindikiza. Walipanga na karamu za mwaka, nani alete mikate, nani alete samaki wa chumvi, na faini ya atakayemtukana mwenzake mezani. Watumwa na watu huru waliketi pamoja. Masharti yanasema kwamba mwanachama mtumwa akifa na bwana wake akakataa kwa dhuluma kuitoa maiti, wenzake watamfanyia mazishi kamili kwa sanamu yake. Na mtumwa atakayeachwa huru ataleta mtungi wa divai nzuri, wanywe wote.